Makopo Sita na Nusu ya Makaa

Mguu wa kaka yangu Kashindi ulitugharimu mtumbwi mmoja wa kuvulia ndagala, dagaa wa ziwa letu, pamoja na taa zake mbili, wavu, cherehani ya mkono, mbuzi watatu, mabati kumi na mawili yaliyong'olewa juu ya nyumba huku watu wakiwa ndani, miezi mitano ya watu wawili wazima, na chupa tano za penisilini ambazo hazikuwa zetu. Upande wa pili tulipata faida ya makopo sita na nusu ya makaa. Nimehesabu mara mbili. Nilihesabu mwaka ule nikiwa na miaka kumi na tisa, na nimehesabu tena mwezi uliopita, nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa matanga ya Kashindi huku mtaani kwetu Songo, na jibu ni lile lile. Mtu akikuambia sokoni kwamba amefanya biashara ya namna hiyo, unamshika mkono taratibu na kumpeleka kwa ndugu zake, wamfungie ndani mpaka apate nafuu.

Nisingeandika haya kama si siku ya nne ya matanga. Tangazo la kifo lilikuwa limesomwa redioni mara mbili (nililipia mara tatu, ya tatu bado ninaidai), na watu walikuwa wamepungua kama wanavyopungua chakula kikipungua. Pikipiki ikasimama barabarani, akashuka bibi mwembamba aliyekaa upande, amefunga Biblia yake ndani ya leso. Alimlipa mwenye pikipiki bila kuuliza bei, nikajua huyu si mtu wa soko. Alinikaribia, akanitazama usoni muda mrefu, kisha akafungua mfuko akatoa kitenge kipya, bado kina karatasi ya dukani. "Dada Nabintu," akasema, "minye ni Debora. Nimekuja kulipa kitenge chako." Halafu akawageukia waombolezaji, akawaambia kwa sauti ya mtu anayeshuhudia kanisani: "Huyu mama munayemuona, alikuwa na akili ya hesabu! Wakati wa uasi, mu hospitali, yeye ndiye alituokolea makala." Makala kwetu ni makaa. Watu wakacheka, wakanipongeza. Wajukuu zangu, ambao wanaona mimi ni bahili tu, waliniangalia kwa heshima mpya. Mimi niliangalia mkeka. Katika wote tuliofungiwa mle ndani, tumebaki wawili, na mmoja wetu hajui tulichouziana.

Sitasimulia tulizaliwa na nani. Watu wa Songo wanajua, na wengine haitawasaidia. Nitaanza na hospitali, ambayo pia sitaitaja jina, maana imekwisha kubadilishwa jina mara tatu na kila mara wamepaka rangi tu. Ulikuwa mwaka wa nne tangu uhuru. Uhuru ulikuwa umeondoka na dokta Mzungu, ukatuachia muuguzi wake, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, jina lake Isaya. Kwa kuwa alifanya kazi ya dokta kwa mshahara wa muuguzi, na mshahara wenyewe haukuwa unafika, sisi tulimlipa kwa kumwita Dokta. Haikutugharimu kitu. Kashindi alipelekwa kwake siku chuma cha kuning'inizia taa kilipokatika kule ziwani na kumwangukia kwenye mguu wa kushoto, juu ya mfupa, kati ya goti na kifundo. Jeraha lilikuwa refu kama mkono wa mtoto lakini lilikuwa safi. Dokta Isaya alilishona, akasema, "Siku saba. Ya nane unarudia samaki zako." Nikauliza bei ya kitanda kwa siku, nikaizidisha kwa saba, nikauliza tena nione kama itabadilika. Haikubadilika. Pesa hiyo tulikuwa nayo, imefungwa kwenye ncha ya nguo yangu. Nataka hili lieleweke vizuri: tuliingia mle tukiwa na pesa ya kutokea.

Wadi ilikuwa moja, kwa sababu upepo wa ziwa ulikuwa umeng'oa paa la wadi ya wanawake. Vitanda vitatu upande huu, vitatu upande ule, katikati shuka linaning'inia kwenye kamba. Madirisha yalikuwa na nyavu za chuma zilizopigwa misumari, ambazo zilizuia kila kitu isipokuwa mbu. Karibu na mlango alilala mzee mmoja mwenye kidonda cha miguu, kidonda cha miaka mingi, ambacho mke wake alikizungumzia kama mtu anavyozungumzia mtoto mkubwa asiyetaka kuhama nyumbani. Sisi tulikuwa kitanda cha pili. Ng'ambo ya shuka alilala Mama Rakeli, mfugaji kutoka milimani juu, aliyekatwa uvimbe wa begani uliokuwa ukimsumbua akibeba kibuyu cha maziwa. Naye aliambiwa siku saba. Mlinzi wake alikuwa Debora, mtoto wake wa mwisho, mwenye miaka kumi na saba. Katika hospitali zetu mgonjwa haji peke yake. Lazima awe na ndugu wa kumpikia, kumfulia, kumgeuza, na kulala chini ya kitanda chake. Kwa hiyo mimi na Debora tulilala sakafuni, kichwa kwa kichwa, shuka likitutenganisha, na asubuhi tuliamka tukiwa tumepigwa alama za saruji ile ile mashavuni.

Jiko la walinzi lilikuwa nyuma, kibanda cha matete kilichoegemea ukuta wa nyumba ya Dokta, na ulichosema upande huu kilisikika upande ule. Debora hakula samaki. Aliwatazama ndagala wangu kama mtu ambaye wao ndio wanamtazama. Siku ya kwanza nilimpa sombe, majani ya muhogo, nikitegemea anipe maziwa ya mgando, na alinipa. Siku ya pili nilimpa sombe kidogo zaidi nione kama maziwa yatapungua. Hayakupungua. Nikamwambia, "Weye Debora, mu soko ungekufa njaa." Akajibu, "Kwetu mutu akikupa chakula haumupimie." Nilimhurumia kweli. Nilidhani ni upungufu.

Siku ya saba ilipofika, Kashindi alikuwa anatembea. Mama Rakeli alikuwa amekwisha kufunga vitu vyake. Nilikwenda ofisini na pesa mkononi nikakuta mlango wazi, kiti kimepinduka, karani hayupo. Usiku wa kuamkia siku ile habari ilikuwa imefika kwamba waasi wamepita Luberizi, magari ya Bukavu yamekatika, na karani alikuwa mtu wa serikali. Alikimbia, na kwa woga au kwa mazoea alikimbia na muhuri mfukoni, ule tunaouita kashe. Bila kashe hakuna karatasi ya kutoka, na bila karatasi ya kutoka hakuna mlango. Pale getini alikuwapo zamu wa zamani, mlinda geti, mzee mwenye koti la mvua hata wakati wa jua.

"Kashe iko wapi?" akaniuliza.

"Yaya yangu, huyu kaka, amepona. Mwangalie, iko anatembea."

"Minye siangalie muguu. Minye ninaangalia kartasi. Kartasi bila kashe ni ya kufungia karanga."

"Mwenye kashe amekimbia."

"Basi mumungoje."

"Na asiporudi?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Weye mutoto, ulikuja kuuliza ao ulikuja kununua?"

Hapo tulielewana. Alitaja kuku watatu. Nikasema mmoja, tena mdogo. Akashuka mpaka wawili na pakiti ya chumvi. Ilikuwa bei nzuri, lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijua kwamba bei nzuri ina nyingine nyuma yake, kwa hiyo nikafanya tunavyofanya: nikageuka, nikaondoka polepole, nikihesabu hatua, nikisubiri aniite. Nilihesabu hatua kumi na mbili. Hakuita. Nikajiambia ataita kesho. Kesho yake asubuhi kwenye geti alisimama kijana mwenye bunduki na majani kichwani, na yule zamu hatukumwona tena. Kuku wawili na pakiti ya chumvi. Nimekula kuku wengi tangu siku ile na bado sijapata mmoja ambaye hakunikumbusha bei.

Waasi waliingia wadini mara moja tu. Mkubwa wao alikuwa mdogo kuliko Kashindi. Alituhesabu, akamuuliza Dokta Isaya kama ana kashe, kwa kuwa naye alikuwa na karatasi zake zinazohitaji kupigwa. Alipoambiwa haipo, alisikitika kweli, akasema basi hakuna atakayetoka mpaka ipatikane, mgonjwa wala mzima. Walinzi wa wagonjwa tuliruhusiwa kwenda sokoni na kuteka maji wawili wawili, kwa masharti: mmoja atoke, mwenzake abaki getini kama rehani. Mimi na Debora tuliwekwa pamoja, na hivi ndivyo nilivyojua thamani yangu: ndoo moja ya maji, kwenda na kurudi.

Wiki hiyo mafuta ya taa ya jiko la Dokta yaliisha. Alikuwa na koleo moja la kushikia pamba, jingine liliondoka na Mzungu, na sheria yake ilikuwa kulichemsha kila alipotoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Akatuomba kila kitanda kitoe kopo moja la makaa kwa siku, kopo la maziwa ya unga, lijae. Makaa yalikuwa yamepanda bei hata wauzaji wenyewe waliona haya. Nilisimama pale jikoni nikatazama makopo sita yakiteketea kuchemsha kitu cha urefu wa kidole, mara sita, na roho ikaniuma kama mtu anayetazama pesa ikimwagwa ziwani.

"Dokta," nikamwambia, "maji yakichemka yamechemka. Kwa nini mara sita?"

"Si maji, binti. Ni koleo. Nikitoka kwa huyu kwenda kwa yule, lazima ichemke tena."

"Lakini asubuhi linakuwa limechemka."

"Asubuhi, ndiyo."

"Dokta, mshahara wako ulifika lini?"

Alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Nyuma ya ukuta tulisikia mtoto wake mmoja analia na mwingine anamwambia anyamaze, chakula kitaiva. Nikaweka bei yangu mbele yake. Kila kitanda kitoe nusu kopo. Jumla makopo matatu. Moja la kuchemshia mara moja, asubuhi, kwa wote. Mawili ya mama Furaha, mke wake, kwa jiko lake. Kila mtu anapata. Hakuna anayepoteza. Nilikuwa nimehesabu mara mbili.

Mwisho Dokta akasema, "Basi tutaanza na walio safi. Mzee wa mlangoni atakuwa wa mwisho, maana kidonda chake ni kibaya." Hilo lingetuokoa, sasa najua. Lakini mke wa mzee alisimama na mwiko mkononi. "Mume wangu afungwe kidonda nyuma ya hawa watoto? Mutu mwenye wajukuu kumi na mmoja angojee kijana wa ndagala?" Na sisi wote, mimi wa kwanza, tuliona ana haki. Kwetu mkubwa ananawishwa mikono kwanza, anapakuliwa kwanza, anasalimiwa kwanza. Itakuwaje kidonda chake kisubiri? Dokta Isaya mwenyewe alilelewa ufukoni hapa hapa. Aliona aibu kwa alichosema, akaomba radhi kwa mzee. Tangu kesho yake walifungwa vidonda kwa umri: mzee kwanza, kisha Mama Rakeli, kisha wengine, na Kashindi nafikiri alikuwa wa nne. Koleo lile lile, likifutwa kwa pombe kali, na pombe ilipoisha, kwa kitambaa. Wadi nzima ilinipigia makofi. Debora alinishika mikono yote miwili akasema Mungu amenipa akili. Nusu kopo kwa siku, siku kumi na tatu: makopo sita na nusu. Niliyaweka chini ya kitanda cha Kashindi, kwenye gunia, na nilikuwa nikiyagusa kabla ya kulala.

Siku ya tisa ya mpango wetu Kashindi aliniamsha. "Nabintu, hapa iko samaki imeoza."

"Hatuna samaki, Yaya. Tulimaliza jana."

"Basi ni minye," akasema, na akacheka, lakini meno yake yalikuwa yanagongana kwa homa.

Jeraha lililokuwa limefunga lilifunguka kama mdomo. Siku mbili baadaye bega la Mama Rakeli likavimba na kuwa jekundu, na wagonjwa wengine wawili wakatunga usaha kwenye mishono yao. Hao walipona wenyewe, sijui kwa nini wao. Mle wadini kila mtu alikuwa na sababu yake. Mke wa mzee alisema ni dawa ya waasi, ile ya kuzuia risasi, inapita hewani. Mwingine alisema ni saruji mpya. Siku ya kumi na nne Dokta alitangaza kwamba tunarudi kwenye kopo zima na kuchemsha mara sita, bila kueleza. Na mimi, namshukuru Mungu kwamba Kashindi alikuwa amelala asinisikie, nilibisha. Nilimwambia tulikubaliana. Akaenda kuchemsha koleo.

Alichosema ni kwamba inatakiwa penisilini, na kwamba yeye hana hata chupa moja. Ilikuwa inapatikana Bujumbura, ng'ambo ya mpaka uliofungwa, kwa akina mama waliokuwa wanavuka Ruzizi kwa siri na bidhaa vifuani. Bei ilikuwa ya kuuza ng'ombe. Sisi hatukuwa na ng'ombe. Kwao Debora walikuwa nao. Kwa hiyo asubuhi moja Debora alitoka getini kama mtu anayekwenda sokoni, nami nikabaki rehani. Tuliruhusiwa mpaka jua kuzama. Jua likazama. Kesho yake likazama tena. Kijana mwenye bunduki aliniuliza, "Mwenzako iko wapi?" Nikasema soko ni mbali. "Soko gani hiyo ya siku mbili?" Nikamwambia nami ningependa kuijua. Alinilaza kwenye kibanda cha geti, mguu wangu umefungwa kamba kwenye mguu wa benchi, na mchana akanifungua nikampikie mgonjwa wangu na kumpikia yeye pia. Ndani ya hospitali nilikuwa nimefungwa, na ndani ya kufungwa nikafungwa tena. Nilikuwa sijui kwamba inaweza kupangwa hivyo.

Ilikuwa mchana wa siku ya tatu, niko jikoni nakoroga uji, nikasikia upande wa pili wa ukuta mama Furaha akimuuliza mume wake kwa nini amerudisha kopo zima, watu wananung'unika.

"Ni koleo," akasema Dokta. "Usaha wa yule mzee ndiyo iko mu muguu ya yule kijana. Ndiyo iko mu bega ya yule mama. Niliibeba minye mwenyewe, kwa mukono yangu, kila asubuhi."

Nikasikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini.

"Na makala?" akauliza mama Furaha.

"Makala tulipikia."

"Tulipikia watoto."

"Ndiyo. Tulipikia watoto."

Uji wangu uliungua, na yule kijana wa geti aliula hivyo hivyo akasema ni mtamu. Nilirudi kwenye benchi, akanifunga kamba, na nilishukuru kwamba kuna mtu amenifunga, maana sikuwa najua niende wapi.

Debora alirudi siku ile ile kabla ya jua kuzama, nyayo zimepasuka, amebeba kibuyu cha maziwa. Kijana alikitikisa, akasikia maziwa, akanywa kidogo, akampitisha. Chini ya maziwa, ndani ya kitambaa kilichofungwa kwa nta, zilikuwamo chupa kumi ndogo. Ng'ombe wawili, aliniambia, mmoja ana mimba. Alizipanga kwenye kitanda cha mama yake, Dokta akiwa amesimama pale, akazigawa kwa vidole viwili kama mtu anayegawa mbegu. "Tano za mama. Tano za kaka yako."

"Debora, kwa nini?"

"Weye ulikaa rehani yangu siku tatu. Ningechelewa siku ya ine, ungekuwa wapi?"

Dokta Isaya alisema kwa sauti ndogo kwamba kwa mtu mmoja, tano ni chache, nane zingefaa. Kisha akanitazama. Alijua ninachojua, sijui alijuaje, labda uji ulioungua ulinuka upande wake pia. Kulikuwa na nafasi pale, nakumbuka upana wake, ya kusema: Debora, huu ugonjwa niliununua mimi. Lakini nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu. Nikisema, ana haki ya kuzichukua zote kumi. Nisiposema, Kashindi anazo tano. Nikazichukua tano. Nikazihesabu. Nikazihesabu tena, mbele yake, kama vile yeye angeweza kunipunja.

Homa ya Mama Rakeli ilishuka siku tano, ikapanda ya sita. Alikufa asubuhi ya siku ya tisa, wakati maji ya uji yakianza kuchemka, na Debora aliniomba nitoe sufuria motoni kwa kuwa yeye mikono yake imekataa. Kama angepata zote kumi angepona? Ni swali pekee la bei ambalo sijawahi kuuliza. Wajomba wa Debora walikuja getini na machela ya miti. Kijana wa bunduki akadai karatasi. "Na maiti inataka kashe?" akauliza mjomba mmoja, si kwa hasira, kama mtu anayetaka kujifunza. Kijana akafikiri, akafungua. Sina uhakika kama nilikuwa nalia kwa huzuni au kwa wivu, maana Mama Rakeli alikuwa wa kwanza kutoka mle bila kashe. Nilimvika kitenge changu cha kijani, nilichokuwa nacho kimoja tu kizuri. Debora alisema, "Nitakulipa." Nikamwambia hadaiwi kitu. Alidhani ni ukarimu.

Sisi tulibaki. Nilituma habari, mtumbwi ukauzwa na taa zake, na mama mmoja aliyekuwa anavuka Ruzizi na mikate akatuletea chupa kumi na mbili, kwa awamu, kila awamu bei mpya. Mbuzi walikwenda kwa chakula, cherehani kwa chakula. Vipande vya mfupa vilitoka mguuni mwa Kashindi kimoja kimoja. Alikuwa anavipanga dirishani na kuniambia akikamilisha mguu mzima atauuza. Katika mwezi wetu wa tano mle ndani jeshi la serikali lilirudi, na nyuma yake alirudi karani, ameshiba, na muhuri umefungwa kwenye soksi safi. Aliketi, akapiga hesabu ya kitanda tangu siku ya kwanza mpaka ile, hakuacha hata moja.

"Lakini Baba," nikasema, "sisi tulikuwa tayari kulipa siku ya saba. Ni wewe ulikimbia na kashe."

"Kitanda kililaliwa ao hakikulaliwa?"

"Kililaliwa."

"Basi."

Nimefanya biashara miaka sitini katika mji huu, na watu wa Bujumbura, na wanajeshi, na wanangu wenyewe, na huyo ndiye mtu pekee ambaye sikumpunguzia hata senti. Mabati yaling'olewa. Karatasi ikapigwa kashe, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. Tulitoka, Kashindi akiegemea bega langu, mguu wa kushoto umekakamaa na kuwa mfupi kuliko wa kulia. Gunia la makaa tuliliacha chini ya kitanda. Hakuwahi kuvua tena. Alishona nyavu za wengine mpaka mwezi uliopita.

Yeye nilimwambia. Ilinichukua miaka kumi. Alikuwa amekaa mlangoni na wavu magotini, sikuona sindano yake ikisimama. Akasema, "Hiyo makala, Nabintu, tuliiokoa pamoja, minye na weye. Faida yake nilikula. Lakini ule mutoto wa milimani, yeye alikula nini?" Hakurudia tena, na sasa amekwenda na swali lake likabaki hapa nyumbani kama kiti chake.

Debora, mdogo wangu, haya nimemwandikia mjukuu wako Neema akusomee, kwa kuwa najua macho yako hayaoni tena herufi, na kwa kuwa siku ile ya matanga, ulipowaambia watu kwamba niliwaokolea makaa, mdomo wangu ulifanya tena kile ulichofanya mbele ya zile chupa. Umwambie Neema asome polepole na asiruke mahali. Unadhani ulikuwa na deni langu la kitenge. Kitenge chako nimekikunja, bado kina karatasi yake ya dukani, njoo ukichukue. Deni langu kwako ni chupa tano, ng'ombe mmoja kati ya wale wawili, na mama. Maisha yangu yote nimewafundisha wasichana wa sokoni wasikubali kamwe bei ya kwanza. Njoo Jumapili baada ya ibada, ukae kwenye kiti cha Kashindi, uniambie unataka nini. Utaje mara moja tu. Sitaomba upunguze.